Folda Iliyokataa Kubanduka

Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alipotangaza kwamba chumba chetu cha kompyuta kitafungwa na kupewa mtu wa meza za pool, nilisimama nikamwambia hakitafungwa. Sikuwa nimepewa nafasi ya kusema. Kwenye mikutano ya mtaa wetu wa Jericho mtu huinua mkono, akasubiri, kisha akaishukuru kamati kwa kazi nzuri kabla ya kuilaumu. Mimi sikumshukuru mtu. Mama yangu, aliyeketi nyuma yangu pamoja na wenzake wa kwaya, alinivuta sketi ili nikae. Sikukaa.

Ubaya ni kwamba sikuwa na hoja yoyote. Chumba kilikuwa kimenishinda, na kila mtu ukumbini alijua. Lakini mtu akitaka kuninyang'anya kitu, ulimi wangu hutangulia na akili hufuata baadaye ikihema. Mama husema nilizaliwa hivyo, na husema bila kunisifu.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya ukumbi, mahali palipokuwa stoo ya viti. Niliomba funguo, nikapaka rangi, nikaleta laptopu kuukuu ambazo ofisi ninayofanyia kazi mjini ilikuwa imezichoka. Zilikuwa nzito na zenye mikwaruzo, ila betri zake bado zilikuwa na uhai. Pembeni niliweka kompyuta moja kubwa ya mezani iwe seva, nikaichomekea diski ya nje. Kwenye diski hiyo ndimo zilimo sauti za kwaya ya kina mama: mazoezi, nyimbo za Pasaka, kanda za zamani nilizozihamisha moja moja, na sauti za waimbaji ambao sasa wamezikwa makwao magharibi au Ukambani. Kina mama walikuja kujifunza sauti zao kabla ya mazoezi. Wengine walikuja tu kumsikiliza rafiki aliyekwenda.

Laptopu zile hazikuwa na nafasi ya kubeba nyimbo zote, kwa hiyo nilizipanga hivi: mtu akigusa folda ya kwaya, laptopu yake inakwenda kwa seva, inaichukua folda na kuipachika kwake kana kwamba ni yake. Dakika chache zikipita bila mtu kuitumia, inaibandua yenyewe mpaka itakapoitwa tena. Jirani huazima sufuria akipika, akimaliza huirudisha. Ni mpango wa kizamani na ni mpango mzuri, na nilijivunia.

Kisha stima ikaanza mambo yake. Stima ikipotea Jericho, seva ilizimika papo hapo, lakini laptopu zilibaki zinawaka kwa betri. Baadhi yake ziliganda kama mtu aliyepigwa na habari mbaya. Ukibonyeza hapa, ukibonyeza pale, kimya. Stima ikirudi, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu folda ilifunguka na ndani hamkuwa na kitu. Mama mmoja wa kwaya, anayeuza viatu vya akala soko la Kariokor, alishika kichwa kwa mikono miwili akalia pale pale. Alidhani dada yake marehemu amefutwa. Nilimweleza kwamba sauti zipo, njia ya kuzifikia ndiyo imekatika. Alinisadiki mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alinitazama tu.

Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu, Mkamba mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi za nyumbani. Mkewe ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya hadi ugonjwa ulipomchukua. Siku ile nilipokataa kukaa, mzee huyo aliningoja nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kitu kinachowadanganya watu kila stima ikipotea hakifai kuwekwa kwenye ukumbi wa watu. Lakini ili isisemekane kwamba kamati haina huruma, alinipa hadi mkutano wa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Seva izimwe mbele ya wote. Laptopu zikisimama imara, chumba ni chetu. Zikiganda, mtu wa pool ataleta meza zake.

Ofisini niliwasimulia wenzangu nikitafuta msaada. Mmoja, kijana mwerevu sana wa mambo ya mitandao, hakuona hata haja ya kuinua macho. "Achana na hiyo takataka," akaniambia. "Peleka kila kitu cloud, story iishe." Nilimuuliza ni nani atamnunulia bando la intaneti mama muuza mboga ili asikie wimbo alioimba mwenyewe. Akainua mabega. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimekasirika mpaka nikaandika barua pepe ya kazi kwa herufi kubwa tupu.

Jumapili baada ya ibada nilijifungia chumbani nikaanza. Nilichomoa seva ukutani kama stima inavyofanya, nikairudisha, nikatazama inaamkaje. Kumbe ilipozimwa ghafla haikupata muda wa kusafisha. Ikiamka, iliikuta nafasi ya diski ikiwa na mabaki ya jana, ikadhani nafasi hiyo ina mwenyewe, ikaipachika diski pembeni kwa jina lile lile lililoongezewa tarakimu moja mwishoni. Laptopu zikija, zilibisha mlango wa zamani na kukuta nyumba tupu. Folda tupu iliyomliza mama wa Kariokor ilitoka hapo.

Basi niliinyima seva ruhusa ya kuchagua. Kila diski ina namba yake ya utambulisho isiyobadilika, kwa hiyo niliandika kwenye mipangilio kwamba diski yenye namba hii mahali pake ni hapa, leo na siku zote. Nikachomoa, nikarudisha, nikachomoa tena. Nyimbo zilirudi kila mara. Nilicheza peke yangu katikati ya viti, nikaenda nyumbani kumwambia mama tumeshinda. Akaniambia nile kwanza.

Katikati ya wiki stima ilipotea mchana, ikakaa huko ilikokwenda hadi jioni. Nilipotoka kazini nilimkuta mama mlangoni pa ukumbi amekunja mikono. Safari hii hakuna aliyeona folda tupu. Lakini laptopu tatu zilikuwa zimeganda kabisa, na zile nyingine hazikuwa na shida yoyote. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kukasirika, au nilianza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Laptopu iliyokwisha kuibandua folda kabla seva haijazimika haina wasiwasi; haidai kitu kwa mtu. Iliyobaki nayo ndiyo inayoganda, kwa maana inamsubiri mwenye mali ajibu, na mwenye mali hana stima. Hilo nililielewa. Nisichoelewa ni kwa nini hizi tatu zilikuwa bado zimeishika. Mama aliapa kwamba stima ilipopotea chumba kilikuwa kitupu, kila mtu ameshakwenda kwenye biashara yake. Folda ilipaswa kuwa imebanduliwa zamani.

Niliufupisha muda wa kusubiri, haikusaidia. Nikajaribu kuibandua mwenyewe kwa amri, nikajibiwa kwamba haiwezekani, inatumika. Inatumika na nani, na chumba ni kitupu? Niliiuliza mashine swali hilo kwa maneno ambayo mama, aliyekuwa akifagia, aliniomba nisiyarudie mbele ya wenzake.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikakaa kwenye kona ya chumba tangu asubuhi nikijifanya nasoma. Kina mama walikuja kabla ya kufungua biashara. Mama yangu alikaa, akafungua wimbo wa Pasaka, akaimba chini chini hadi ubeti wa pili, akausimamisha. Kisha akainuka, akavua leso mabegani, akaitandika kwenye kiti, akaondoka zake kwenda soko la Muthurwa kuchukua mboga. Yule wa Kariokor akafanya vivyo hivyo, ila yeye aliacha kikapu. Hawakufunga wimbo. Hawakunitazama hata kidogo, kama watu wasio na la kuficha.

Nilingoja dakika za kutosha zipite, nikaenda kwenye laptopu ya mama nikaiuliza ni programu gani imeishika folda. Ikanijibu: kicheza muziki, na wimbo wa Pasaka, umesimamishwa ubeti wa pili. Wimbo ukiwa wazi, hata ukiwa kimya, folda inatumika. Ikitumika, haibanduki. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na hapa nguo yenyewe ilikuwa leso niliyoinunua mimi.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nani asiyejua sheria hii Jericho? Maji yakija kwa zamu, unapanga mtungi wako kwenye foleni alfajiri, unakwenda kupika chai, unakwenda kuosha watoto, hata kanisani unaweza kwenda. Mtungi ni wewe. Hakuna anayeuruka, na anayeusogeza nyuma atajadiliwa mlango kwa mlango hadi ahame. Nimekua nikiwatambua majirani kwa mitungi yao, wa kifuniko chekundu, wa mpini uliofungwa kamba. Sasa kina mama walikuwa wameileta sheria ya mferejini kwenye kompyuta. Leso kwenye kiti, wimbo kwenye kioo, na mwenyewe yuko Muthurwa.

Mama aliporudi nilimuuliza. Alishangaa kwamba nauliza.

"Hiyo kiti ni yangu," akasema. "Si uliona leso?"

"Leso nimeona, Mama. Na wimbo je?"

"Nikifunga wimbo, mtu atajua aje nilikuwa nimefika wapi? Atasema nilitoka, akae."

Kulikuwa na kiti cha tatu. Aliyekikalia alikuja nilipokuwa nimetoka kununua chai, na nilipokitazama sasa damu ilinipanda. Palikuwa na fimbo ya kuchongwa, yenye kichwa cha ndege, imelazwa kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine. Jericho nzima inaijua fimbo hiyo. Ilichongwa na mdogo wake mwenyekiti, mchongaji wa kwao Ukambani, na mwenyekiti hutembea nayo kila mahali. Nikaiuliza laptopu imeshika nini. Ilikuwa imeshika wimbo ambao mkewe anaimba peke yake, umesimamishwa karibu na mwisho.

Nyani haoni kundule, nilisema kwa sauti, na mama akasema nisimwite mzee wa watu nyani. Nikaichukua fimbo nikatoka.

Nilimkuta mwenyekiti kizingitini kwake, amekalia kigoda, anang'arisha viatu. Nilimsalimia kama inavyompasa mtu wa umri wake, kwa sababu hata nikiwa nimewaka nimelelewa. Kisha nikamnyooshea fimbo nikamwambia kwamba laptopu zinazoganda ni tatu, na mmoja wa wanaozigandisha ni yeye. Anataka kukifunga chumba ambacho yeye mwenyewe hukiwekea nafasi kila asubuhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima, nikayasema yote, bila kupunguza hata moja.

Aliipokea fimbo, akapitisha kidole kwenye mdomo wa yule ndege. Nilisubiri aone haya. Hakuona.

"Ni kweli, mimi huenda huko kila siku," akasema. "Nilimzika mke wangu mara moja, huko nyumbani, na nikavumilia. Lakini hiyo mashine yako inanifanya nimzike kila stima ikipotea. Anaimba, ananyamaza katikati. Kesho tena. Sina nguvu ya hiyo kazi, msichana wangu. Afadhali kifungwe."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hasira yangu haikuisha, nisidanganye; ilikosa tu mahali pa kukaa. Nilitazama viatu vyake, kimoja kinang'aa, kingine bado. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikazidi kukataa.

"Hutamzika tena, Mzee," nikamwambia. "Lakini chumba hakifungwi."

Akanirudishia fimbo.

"Irudishe pale uliitoa," akasema.

Niliirudisha. Nikailaza vile vile, kutoka mkono hadi mkono.

Katibu wa kamati aliposikia chanzo, alifurahi sana. Alisema dawa ni rahisi, tubandike karatasi ukutani iwaamuru watu wafunge nyimbo kabla ya kuondoka, na alikuwa tayari kuiandika kwa wino mwekundu. Nilikataa. Nikamwambia kina mama hawa wamefuata matangazo ya wino mwekundu tangu waje mjini: usianike hapa, usiuze hapa, usisimame hapa. Sheria ya mtungi ndiyo pekee waliyojitungia wenyewe, na haijawahi kumwonea mtu. Siwezi kuwafundisha adabu kwa ajili ya mashine iliyotupwa na ofisi. Mashine ndiyo itakayojifunza adabu ya Jericho. Katibu alisema mimi ni mgumu kama mama yangu, nikamwambia asante.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa mara nilipojua ninachotaka. Nilibadilisha kinachotokea mtu anapobonyeza wimbo. Zamani laptopu iliucheza ukiwa ndani ya folda ya seva. Sasa kwanza inanakili wimbo huo mmoja kwake yenyewe, kisha inaicheza nakala. Wimbo unabaki kwenye kioo siku nzima, umesimamishwa ubeti unaotaka, leso iko kitini, na hakuna atakayekaa. Lakini folda ya seva haijashikwa na mtu. Nilifungua wimbo, nikausimamisha, nikangoja, nikatazama. Ilikuwa imebanduka, kimya kimya, yenyewe. Nikabusu kifuniko cha laptopu, na kilikuwa na vumbi.

Jumamosi watu walijaa chumbani hadi kwenye korido. Mtu wa pool alikuwapo na futi yake ya chuma, anapima mlango kana kwamba mambo yamekwisha, akinisukuma kidogo kwa kiwiko ili apate upana. Sikusogea, akapima kunizunguka. Mwenyekiti alifungua mkutano kwa maombi, akaeleza masharti, akauliza ni nani atakayezima seva.

"Zima mwenyewe, Mzee," nikasema.

Kwanza alikwenda kwenye kiti cha tatu, ambako fimbo yake ilikuwa imelala tangu asubuhi. Aliinama juu yake bila kuiondoa, akaurudisha wimbo mwanzo, akabonyeza. Sauti ya mkewe ikatoka, nyembamba na safi, kama tulivyoizoea wote miaka ile. Kina mama wa kwaya waliinamisha vichwa. Akausikiliza ubeti wa kwanza, na folda ikawa imepata muda wake wa kubanduka. Kisha akaenda ukutani, akaweka mkono kwenye swichi ya seva, na mkono ukakaa pale.

Niliona kwamba hataweza. Ningeweza kwenda kumsaidia. Kila mtu alikuwa akinitazama nifanye hivyo, na mama alinigusa mgongoni. Niliogopa pia, maana nimefanya kazi na kompyuta muda wa kutosha kujua kwamba hufanya kazi vizuri mpaka watu waje kuangalia. Lakini nilikuwa nimemwahidi, na ahadi hiyo asingeiamini kwa mkono wangu.

"Zima, Mzee."

Akazima. Feni ya seva ikapunguza mlio, ikafa. Sauti ya mkewe haikutikisika. Ilipanda kwenye ubeti wa pili, ikaingia ule wa mwisho ambao aliuimba kwa Kikamba, na mwenyekiti akarudi taratibu akasimama mbele ya laptopu. Ulipofika mahali fulani karibu na mwisho, mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kusimamisha. Hapo ndipo alipokuwa akiukata kila siku. Mkono ukasita juu ya kitufe, kisha akauweka mfukoni.

Wimbo ukaisha. Lakini rekodi haikuwa imeisha. Palipita kimya kidogo, mtu akakohoa, halafu tukamsikia mkewe akicheka, karibu sana na kinasa sauti, akiuliza, "Imeingia?"

Nadhani mwenyekiti hakuwahi kuyasikia hayo. Hata mtu wa pool alikuwa ameshusha futi yake.

"Imeingia," mwenyekiti akamjibu.

Kisha akainama, akaiokota fimbo yake kutoka kwenye kiti, akaiegemea.

"Washa hiyo mashine," akaniambia. "Watu wako kwenye foleni."

Nilikwenda ukutani nikawasha. Nilipogeuka, mama yangu alikuwa ameshaitandika leso kwenye kile kiti.